Saa za Mwalimu Levi

Mwalimu Levi Wekoye alifundisha jiografia karibu na Mabanga kwa miaka thelathini, na kila asubuhi isiyo na mawingu aliuona Mlima Elgon kutoka mlangoni pa darasa. Hakuwahi kuukanyaga. Agosti 2004, ikiwa imebaki miezi minne astaafu, yeye na mwalimu mwenzake Festus walipanda gari hadi Kitale kumtafuta Cheruiyot, mwongoza wageni.

Usiku wa kuamkia safari, Cheruiyot alikaa mezani kwake na ramani. Kilomita kumi na sita kutoka kambi ya chini hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkeno juu ya mlima. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, ni saa nne. Kupanda mita elfu moja mia mbili, aongeze saa mbili. Wakiondoka saa kumi na mbili alfajiri, saa sita mchana wamefika, saa kumi wamerudi kambini.

Mkewe, Jepkoech, alichungulia ile karatasi. "Baba Chelangat, hizo saa ni za miguu ya nani?"

"Ni za kawaida."

"Huyo mzee si amesema ana goti?"

Cheruiyot akaongeza mstari mmoja: wakifika au wasifike, saa saba wageuke.

Mlimani, goti lilianza kusumbua kabla hata msitu haujaisha. Mwalimu Levi hakulalamika. Alisimama kila mara kuonyesha mmea huu na jiwe lile, na Cheruiyot alijua ni pumzi anayotafuta. Saa nne asubuhi walikuwa mahali ambapo karatasi ilisema wafike saa mbili. Cheruiyot aliliona hilo, akaendelea kupanda. Alijiambia huko mbele njia ni tambarare, watafidia.

Hawakufidia. Saa saba iliwakuta kwenye nyasi za juu, ukingo ukionekana mbele yao kama ukuta.

"Tunageuka hapa, Mwalimu," Cheruiyot alisema.

Mwalimu Levi aliutazama ule ukuta. "Ni nusu saa tu, bwana. Nimewachorea watoto hii kreta miaka thelathini. Sitarudi hapa tena."

Festus alisema waende. Cheruiyot akatazama mbingu, akatazama uso wa yule mzee, moyo ukalegea. Nusu saa ikawa saa moja na nusu.

Mwalimu alisimama ukingoni, akavua kofia. Ukungu ulikuwa umejaza kreta nzima. Hakuona kitu.

Mvua ya mawe iliwakamata wakishuka. Goti likakataa kukunjika. Cheruiyot na Festus walimshika huku na huku, wakawa wanatembea kilomita moja kwa saa, pengine hata hiyo haikutimia. Jua lilipokuwa linazama, Mwalimu Levi aliacha kutetemeka kwa baridi, akaanza kuongea Kibukusu, lugha ya kwao, na mtu ambaye hakuwepo. Walimlaza chini ya mwamba, wakamfunika kwa kila walichovaa. Giza lilipoingia hakuwa anapumua.

Siku ya nne Cheruiyot alisafiri peke yake hadi Bungoma, nyumbani kwa marehemu. Peris, mjane wa Mwalimu, alimpokea jikoni maana sebule ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa.

"Kaa," alisema. "Niambie."

Alimwambia yote: karatasi, goti, saa saba, ile nusu saa. Hakusema mzee ndiye aliyeomba. Festus alikuwa ameshasema.

Peris alisikiliza huku akikuna kidole kilichovimba kwa pete. "Ungegeuka hiyo saa saba, mngefika kambini?"

Cheruiyot alikuwa amelipigia hilo hesabu siku tatu mfululizo. Angeweza kusema hajui.

"Tungefika, Mama. Kwa kuchelewa, lakini tungefika."

Nje, majembe yaligonga udongo wa kaburi.

"Wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu," alisema mwishowe. "Sasa nenda, kabla shemeji zangu hawajamaliza kuchimba wakakukuta hapa. Pitia nyuma."

Cheruiyot alitaka kumpa mkono. Peris alikuwa ameshageukia sufuria. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita katikati ya mahindi hadi barabarani.