Wati Kumi na Nane za Mzee Hezekia
…wati kumi na mbili kwanza, halafu tupande taratibu, alijiambia Naomi, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha sigara ya umeme na macho kwenye namba zinazowaka, maana koo la baba si mahali pa kufanyia majaribio, "…sasa yule mbuzi wa jirani yetu Goodhope si kaingia tena kwenye mahindi," baba alikuwa anasema kutoka kwenye benchi la wateja, na Naomi akaitikia "Ehee, baba," bila kumsikia mbuzi wala kuyaona mahindi, kwa sababu mita ilikuwa imetulia kwenye omu sifuri nukta tisa, namba nzuri hiyo, koili, ule waya wa kupasha moto, aliisuka mwenyewe, mizunguko saba juu ya msumari mwembamba, yeye aliyezoea kusuka mota za mashine za kusaga za Mikumi nzima leo anasuka kitu kidogo kama jino la mtoto, na jambo hilo lilimfurahisha, hakulificha, asubuhi nzima alikuwa akiimba wimbo wa kwaya puani… omu ipo sawa, waya haugusi pembeni, betri ni moja na inastahimili ampea ishirini, sasa wati themanini gawanya kwa volti tatu nukta mbili, betri ikiwa imechoka, unapata ampea ishirini na tano, ishirini na tano! na mzee alikuwa amekipandisha kifaa mpaka themanini, amekitia mfukoni, kikamchoma mdomo na kumpasha moto paja, akakiweka juu ya jiwe na kukitazama kama ametoka kuokota nyoka… alipomuuliza kwa nini themanini, baba alijibu bila haya, "Mwanangu, ndiko kulikokuwa mwisho," na hapo Naomi alicheka hadi bisibisi ikamdondoka, kwa sababu anaijua nyumba ya baba kijijini Kisanga, nguzo ya mwisho kabisa, umeme ukifika kule umeshachoka, feni ukiiweka namba tano inapepea kama namba mbili ya watu wengine, pasi ukiiweka kwenye moto mkali ndiyo kwanza inafuta mikunjo ya leso, basi baba alijifunza jambo moja tu kuhusu umeme, kwamba kila kinachozunguka kizungushe mpaka kigome, kwa kuwa namba zilizoandikwa ni uongo… lakini betri haijui Kisanga, betri ikisema themanini ni themanini kweli.

Lori la Zambia likapita, vioo vya kibanda chake cha ufundi vikatetemeka, na Naomi akaiona tena, ile kona ya pakiti ya sigara kwenye mfuko wa shati la baba, pakiti mpya, haijafunguliwa, kainunua stendi akidhani mwanawe haoni, na furaha ikamshuka kidogo, miezi minne, miezi minne mzee huyu hajagusa sigara tangu daktari amwonyeshe picha ya kifua chake, ndipo kaka yake Naomi, Emanueli, akakileta hiki kifaa kutoka Dar, na bora asingevuta chochote, lakini miaka arobaini ya tumbaku haikatwi kwa shoka moja, sasa kikimchoma tena atasema si nilisema, na kikiwa baridi mno atasema hakina ladha, vyovyote vile mkono utaenda kwenye ule mfuko… kwa hiyo atakifunga, ndiyo, ukibonyeza vitufe viwili pamoja namba haipandi tena, atakifunga kama mtu anavyofungia sukari kabatini na mzee hatajua, atavuta anachopewa… akadondosha yale maji ya kuvuta kwenye pamba aliyoipitisha ndani ya koili, pamba aliyoichemsha jana na kuikausha, tone, tone, na kidole kikaanza kushuka kuelekea kitufe.

"Iache inywe kwanza," baba akasema, hata hakugeuza shingo, "basi nikamwambia Goodhope, mfunge mbuzi wako au mimi nitamla…"

Iache inywe kwanza… nani kamfundisha hilo, Emanueli hajui, yeye Naomi hakumwambia, na mkono ukabaki palepale, kwa sababu sauti ile aliijua, ilikuwa imesema maneno yaleyale Kisanga kabla nguzo hazijafika, jua bado lipo, yeye ana miaka minane, ameweka utambi mpya kwenye chemli na kiberiti kipo mkononi, baba kamshika kifundo cha mkono, iache inywe kwanza, utambi mkavu unajila wenyewe… halafu akamwonyesha kupandisha, kidogo, kidogo tena, mpaka mwali unyooke, na ukisikia harufu ya moshi umepitiliza, rudi, kioo kisiwe cheusi, na mama hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuigusa chemli ile, ilikuwa ya Hezekia tu, kwa mwanga huo Naomi alisoma hesabu za kugawanya hizi anazogawanya sasa, na yeye ndiye anayetaka kumfungia kabatini! aibu ikampitia usoni, kisha ikafuatwa na upendo mwingi kiasi kwamba alilazimika kujifanya anatafuta koleo.

Pamba ilikuwa imekunywa. Kumi na mbili, mvuke mwembamba, kumi na tano, kumi na nane, mzito kiasi, vuguvugu, hauna harufu ya kuungua, na hakukifunga.

"Baba, hii ni chemli tu."

"Chemli?"

"Chemli. Ila hii haidanganyi kama umeme wa Kisanga. Anzia hapa kwenye kumi na nane, usiruke."

Baba akakipokea kwa mikono miwili, mbuzi wa Goodhope akaachwa katikati ya mahindi, akavuta kidogo, akafumba macho, akapandisha namba, kumi na tisa, ishirini, Naomi akajizuia kunyoosha mkono, pakiti ipo palepale mfukoni na lori lingine linakuja… baba akavuta, akanusa hewa kwa pua ile iliyokuwa inalinda kioo, akakunja uso.

"Imepitiliza," akasema, na akarudisha moja.