Ulimi wa Baba

Rangi ya manjano ilianza kuonekana kwenye chupa ya tano, hafifu, kama mkojo wa mtoto. Sikushtuka. Tangu tumzike kaka yangu Jilala kule Ngulyati nilikuwa sishtuki na kitu, na mwalimu wangu wa kemia chuoni, Dokta Selestini, alikwishazoea kuniona nikifanya kazi kama mtu aliyelala macho wazi.

Enzi za ushirika, dawa ya pamba ilikuja kwenye debe lenye lebo. Soko huria lilipoingia, kila mwenye baiskeli akawa muuza dawa, na ya mnadani Bariadi ikaja kwenye chupa za soda. Nyingi zilikuwa maji matupu. Basi watu wakajitungia kipimo chao: unachovya kidole, unagusa ulimi. Ikiuma, ni dawa. Jilala aligusa, akacheka kwamba safari hii hatukuibiwa, akajaza bomba la kunyunyizia pamba. Jua halijazama alikuwa akitokwa mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa kama punje za uwele.

Baba mkubwa Mahona alikwenda kwa mganga. Kuku akapasuliwa, na kuku akamtaja mwanamke mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi. Haya, nani pale nyumbani hana macho mekundu, sote tunapikia samadi na moshi wake? Lakini shangazi Nyamizi alikuwa mjane, hana mtoto wa kumtetea. Akapewa mpaka mavuno awe amehama. Kwetu, aliyetajwa hivyo asipohama hufuatwa na mapanga.

Ndiyo maana nilibeba mabaki ya ile chupa hadi Dar es Salaam. Dokta alinifundisha kuitenga ile asidi iliyokuwamo, maana kila asidi ina namna yake ya kuachia haidrojeni, na namna hiyo huitambulisha. Nilipanga chupa kuanzia yenye ukali mpaka yenye magadi, nikazipitisha moja moja kwenye mashine ya miale ya urujuanimno. Kilima kimoja cha mchoro kilishuka, cha pili kikapanda. Pale nusu ilipokuwa imeachia na nusu imeshikilia, kipimo cha ukali kilisoma saba na kidogo.

Dokta alivua miwani. "Nitrofenoli," alisema. "Hiki ni kipande cha dawa kali sana ya wadudu, Monika. Tone moja kwenye ulimi linatosha."

Akaniuliza kama nataka kukaa kidogo. Nikamjibu kwamba nataka kuosha vyombo, nikaviosha.

Nyumbani nilifika wazee wakiwa wamekaa uani. Baada ya salamu za mwangaluka na pole za safari, niliweka bilauri mbele yao, nikamimina maji na tone la ile dawa. Nikatia magadi ya mlenda, maji yakawa manjano. Nikakamua ndimu, manjano ikapotea. Nikawaeleza kwamba manjano hiyo ni alama ya sumu, kwamba kilichomuua Jilala kilitoka mnadani ndani ya chupa, na shangazi hahusiki hata kidogo. Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika upawa.

Baba mkubwa si mjinga. Aliisogeza ile bilauri pembeni.

"Iliingiaje mdomoni?"

"Alionja," nikasema.

"Nani alimfundisha kuonja?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria njia nzima. Baba yangu, mzee Machibya, alisifika Ngulyati yote kwa ulimi wake. Maziwa yaliyotiwa maji, asali iliyochanganywa na sukari, vyote alivijua kwa kuonja, na watu walimletea dawa zao awaambie ipi ni ya kweli. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Mimi," alisema.

Alinyanyuka akaenda kuwafungulia ng'ombe. Nilitaka kumfuata, nikabaki nikiiosha ile bilauri. Sikulia hata hapo, nami nilijua kwamba nilipaswa kulia.

Shangazi alibaki. Mahona alimwomba radhi mbele ya watu, naye akaipokea, akarudi jikoni. Mwaka uliofuata nilikwenda likizo, shangazi akatuandalia ugali na mlenda. Baba alikula akamaliza, akanawa, akamshukuru dada yake kwa chakula kizuri. Nilipoonja wa kwangu ndipo nikajua kwamba shangazi alisahau chumvi.