Hapana ya Mama Sare

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare, kwa sababu ilikuwa vigumu kumpata mtoto wa shule pale ambaye kaptula au sketi yake haikupita kwenye cherehani yake. Alikuwa mwanamke aliyenyooka mgongo na maneno. Ukimpelekea kitambaa pungufu, alikwambia ni pungufu mbele ya watu. Ukichelewa kufuata nguo, alikuuliza kama umeamua mwanao akasome uchi. Kanisani aliimba sauti ya pili, na mwanakwaya aliyepotoka alijua kosa lake kwa jicho la Mama Sare kabla mwalimu wa kwaya hajainua mkono.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mama Sare hakumpenda, wala hakulificha hilo: mke wa mwanawe.

Mke huyo alikuwa msusi. Saluni yake ya mbao ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na kibaraza cha cherehani, hivyo mama mkwe aliona kila aliyeingia na kila aliyetoka. Alisema kusuka si kazi, ni umbea unaolipwa. Mwanawe, dereva wa malori, alicheka tu. "Mama, umbea huo ndio unaotuwashia taa," alisema. Yeye ndiye aliyewaweka wanawake wale wawili chini ya paa moja bila nyumba kuwaka moto.

Kisha lori lake likaacha barabara kwenye mteremko, akafa palepale.

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Baada ya mazishi kila mtu alitarajia msusi afunge mizigo arudi kwao. Mama yake mzazi alimpigia simu. "Rudi, mwanangu. Chumba chako kipo. Kitu gani kinakuweka hapo?" Msusi akajibu, "Nakuja, mama, ngoja kidogo." Mwenyewe hakujua anangoja nini. Labda ni mashati ya mume wake yaliyokuwa bado yananukia jasho lake. Labda ni kwa kuwa Mama Sare aliacha kula, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwekea sahani mbele na kuiondoa ikiwa imejaa vilevile.

Waliishi kama wapangaji waliokosana. Mama mkwe alipozungumza, ilikuwa kuchoma. "Ungemzuia asiende siku ile," alisema. "Mke mwenye akili anahisi." Msusi aliendelea kufagia.

Asubuhi moja cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Msusi alikuwa anafungua saluni, na ukimya ule ukamgeuza shingo. Alimkuta mama mkwe ameilalia meza, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake.

Daktari alisema ni kiharusi. Upande wa kulia umepooza, na maneno yamekwenda. "Anawasikia na anawaelewa," alieleza. "Ila akitafuta neno, linalokuja ni moja tu. Msimlaumu, si yeye anayelichagua."

Neno lenyewe lilikuwa hapana.

Wifi yake alikuja, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa na duka la vipuri katika mji wa mbali. Alikuwa binti pekee wa Mama Sare, na alimpenda mama yake kwa dhati, lakini alipoletewa besheni la maji alisimama mlangoni analia. "Siwezi, wifi. Nikimvua nguo naona kama namtukana." Alikaa juma moja, akaondoka akiahidi kurudi kumchukua. Akawa anapiga simu, simu inawekwa sikioni mwa mama yake, anamwuliza, "Mama, unaendeleaje? Unakula?" Na kutoka kitandani linakuja jibu lilelile, mpaka wifi anakata simu huku akilia.

Kwa hiyo kazi ikabaki kwa msusi. Kumgeuza asitoboke vidonda mgongoni. Kumlisha uji kidogo kidogo kwa upande wa mdomo unaofunga. Kufua shuka, kuanika, kuanua, kufua tena. Saluni aliifungua wakati jirani, mama mmoja mjane mwenye miguu mibovu, alipokuja kukaa na mgonjwa.

Akina mama wa kanisani walikuja kuomba. Kiongozi wao aliketi ukingoni mwa kitanda akamshika mgonjwa mkono. "Mama yetu, Mungu ni mwema, sivyo?"

"Hapana," alijibu Mama Sare, kwa ile sauti yake ya kwaya.

Mama mmoja akajaribu kubana kicheko, kikamponyoka puani. Ndipo Mama Sare mwenyewe akacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu imelala, na wote wakaangua vicheko hadi machozi. Msusi alisimama pembeni na birika mkononi. Hakuwa amemwona akicheka tangu mwanawe azikwe.

Lakini siku za kicheko zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa za uchovu, na uchovu ukazaa uchungu. Alikuwa anamsafisha mtu aliyemwita mbea, aliyempandishia kifo cha mumewe mabegani, na ambaye sasa hata asante hakuwa nayo. Siku moja, akiwa anakamua shuka uani, aliomba sala aliyoionea aibu kabla hajaimaliza: "Bwana, mchukue. Au nichukue mimi."

Sala hiyo ilimtisha. Akaenda kwa mwinjilisti wa kanisa lao, aliyekuwa siku za kazi akitengeneza baiskeli chini ya bati mbele ya nyumba yake. Alimkuta amechuchumaa, mikono myeusi kwa grisi, anatafuta tundu kwenye mpira.

"Mwinjilisti, naomba nikuulize, usinipe mahubiri."

"Uliza, dada. Mahubiri nimeyamaliza Jumapili."

"Mungu aliniumba nije kufua shuka za mtu asiyenipenda? Ndiyo maana ya maisha yangu hiyo?"

Mwinjilisti aliuzamisha mpira ndani ya maji akautazama. "Sijui," alisema. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Mimi mwenyewe nimeomba nionyeshwe kusudi la maisha yangu lote, sijaonyeshwa. Ninachoonyeshwa ni mtu. Asubuhi naamka, kuna mtu mbele yangu. Basi naomba nimpende huyo. Na siku nyingine nashindwa kumpenda, nakuwa nimevumilia tu."

"Na kuvumilia kunahesabika?"

"Natumaini. La sivyo mke wangu hataingia mbinguni kwa ajili yangu."

Msusi akacheka bila kutaka. Mwinjilisti akafuta mikono kwa kitambaa. "Jambo moja nitakwambia. Kila jioni mshukuru Mungu kwa kitu kimoja. Kiwe kidogo, lakini kiwe cha kweli. Usishukuru uongo, ukasema asante kwa mzigo huku unausonya. Yeye anakuona ukisonya."

Jioni ile msusi alitafuta sana. Mwishowe akasema, "Asante kwa sabuni," maana ilikuwa imebaki kipande, na kipande kimetosha. Aliona ni upuuzi. Kesho yake akashukuru kwa upepo uliokausha shuka kabla ya mvua. Kisha kwa miguu mibovu ya jirani, iliyovuka barabara kila ilipoitwa. Hakuna malaika aliyetokea. Ila alianza kusikia.

Alisikia kwamba hapana hazifanani. Kulikuwa na hapana fupi ya uji wa moto. Kulikuwa na ya kuomba kugeuzwa, iliyopanda mwishoni. Kulikuwa na moja ya chini kabisa, karibu na mnong'ono, iliyokuja jua lilipoingia dirishani na kugusa picha ya mwanawe, na hiyo haikutaka kitu, ilitaka mtu akae tu. Msusi alianza kukaa. Wakatazama picha pamoja, mama yake na mke wake, na kwa mara ya kwanza ikawapitia wote wawili kwamba wanamlilia mtu mmoja.

Siku yenyewe iliyobadilisha mambo ilianza vibaya. Mgonjwa alipiga bakuli kwa mkono wa kushoto, uji ukamwagika kwenye shuka iliyotoka kufuliwa. Msusi alipomvua ili amsafishe, mkono ule ukamsukuma tena. Msusi akapandwa na hasira.

"Nimekukosea nini, Mama? Sema! Nilimwua mimi? Mimi ndiye niliyeshika usukani?"

"Hapana," alisema Mama Sare.

Lilikuwa ndilo neno lake la siku zote. Lakini halikutoka kama la siku zote. Alilisema polepole, macho yamemkazia msusi, na machozi yanashuka upande ule mzima na upande ule uliolala. "Hapana," akarudia. "Hapana, hapana." Akaunyoosha mkono wa kushoto, akakichukua kitambaa kilicholowa kutoka mikononi mwa mkwewe, akaanza kumfuta uji uliomrukia kwenye mkono. Alifuta vibaya, kwa mkono usiozoea, akapita palepale mara nyingi. Hakuacha. Msusi alipiga magoti kando ya kitanda akamwachia mkono, akalia kama ambavyo hakulia hata kaburini.

Tangu hapo walikuwa mama na mwana. Si kwamba kazi ilipungua. Shuka zilikuwa zilezile. Alasiri moja Mama Sare alijishika kichwa, akakishika cha msusi, akajishika tena. Ilichukua muda msusi kuelewa.

"Unataka nikusuke? Wewe, Mama? Na umbea wangu?"

"Hapana," alisema, na nusu ya mdomo ikatabasamu.

Alimkalisha, akamwegemeza kifuani mwake kwa mito, akamchana mvi zile taratibu. Nywele zilikuwa chache, akamsuka twende kilioni, ule mtindo wa mistari michache iliyonyooka kwenda nyuma, ambao watu husukwa haraka wakiwa na safari ya msibani. "Usilikasirikie jina lake," alimwambia. "Ndio mtindo unaokaa kichwani mwako." Akamsimulia umbea wote wa mtaa, nani kahama, nani kaposwa, nani kamrudia mumewe. Mama Sare alisikiliza amefumba macho, na penye utamu zaidi alitia hapana ya mshangao kabisa.

Alikufa siku ya Jumamosi, mchana.

Kulikuwa na bibi harusi wa kusukwa saluni, na jirani alikuwa amekwisha kufika. Msusi alikuwa amechelewa. Alimlisha, akamgeuza, akamfunika miguu, na akiwa mlangoni akatupa neno nyuma, "Mama, narudi sasa hivi."

"Hapana," ilisikika kutoka kitandani.

"Sasa hivi tu," akasema, akavuka barabara.

Hakuwa amefika nusu ya kichwa cha bibi harusi, jirani alipoonekana kibarazani, anapunga mikono yote miwili, hawezi kuita. Msusi alikimbia na kitana mkononi. Alikuta uso umenyooka, pande zote mbili zimekuwa sawa, kama zamani.

Kilichomtesa baadaye ni ile hapana ya mwisho. Nyingine zote alikuwa amejifunza kuzisikia, na ile hakuisikiliza. Haraka ilikuwa imemziba masikio. Alijaribu kuikumbuka, kama ilipanda mwishoni au ilishuka, kama ilikuwa ya nenda salama au ya usiniache. Kila alipoikumbuka ilikuja kwa sauti tofauti, mpaka akajua kwamba anazitunga mwenyewe.

Mazishini baba mdogo wa ukoo alisimulia maisha ya marehemu: ushonaji wake, kwaya, mume aliyemtangulia, mwana aliyemtangulia. "Ameacha binti mmoja," akamalizia.

Msusi alitazama chini. Hakuwa na la kudai. Lakini wifi, aliyekuwa ameshikiliwa na shangazi zake kwa kulia, alijichomoa mikononi mwao.

"Wawili," alisema. "Baba mdogo, sema wawili."

Yule mzee akasema wawili, na udongo ukaanza kumwagwa.

Nyumba ilirudi kwa ukoo, kama ilivyopasa, na wifi alimsihi akae mpaka atakapopenda. Msusi alikaa mwezi mmoja akaona hawezi. Alikuwa ameomba apumzike, na sasa mapumziko yalikuwa yamejaa kila chumba, hana pa kuyaweka. Aliamka mara kwa mara kumgeuza mtu asiyekuwepo. Alipanga chumba nyuma ya saluni. Jioni ya kwanza humo alikaa kitandani atafute cha kushukuru, akakaa sana. Hakutaka kusema uongo. Hakushukuru kwa kifo, wala hakusema mapenzi ya Mungu yatimizwe, maana hakuwa amefika hapo. Mwishowe alisema, "Asante kwa kuwa nilipewa wa kumhudumia," sauti ikamkatika, ikawa ndiyo sala yote.

Kesho yake alifungua saluni. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mpita njia ambaye hakumfahamu, aliyetaka kusukwa haraka. "Nina msiba," alisema. "Nisuke chochote." Msusi alimchana, akagawa mstari wa kwanza, akaanza. Katikati ya mstari wa pili vidole vilikataa. Alisimama nyuma ya benchi, machozi yanadondoka kwenye nywele za mgeni.

Yule mwanamke aliona kwenye kioo. Alisogea upande mmoja wa benchi, akapapasa nafasi iliyobaki, na msusi akaketi. Wakalia bega kwa bega, kila mmoja wa kwake, mlango uko wazi na watu wanapita. Walipotosheka, mwanamke alijifuta uso kwa kiganja, akarudi kukaa katikati.

"Haya, dada," alisema. "Malizia. Gari langu halijaondoka."