Mzee wa Roki Sinemani

Kulthumu aliacha kwenda baa, na mumewe, Sudi, akaacha gitaa. Mambo hayo mawili yalitokea msimu mmoja, lakini Kulthumu hakuyaunganisha. Alidhani Sudi amechoka tu, kama wachokavyo watu wa umri wake.

Katika bendi ya Sudi, wake wa wanamuziki walikuwa na meza yao kando ya jukwaa. Kulthumu aliketi hapo tangu ujana wake, soda mbele yake, mpaka kaka zake waliposema kwamba baa si mahali pa mama wa Kiislamu. Alitii bila ugomvi.

Sasa Chola, kiongozi wa bendi, alikuwa amemwomba Sudi apige arusini Jumamosi, na alingoja jibu. Kulthumu alitamani akubali. Tangu watoto waoe na kuolewa, nyumba yao ya mtaa wa Katuba ilikuwa kimya mno. Wawili hao waliweza kula, kunawa na kuondoa sahani bila kusemezana. Basi alipoona mjini tangazo la filamu ya Ulaya, mzee wa roki na gitaa lake, alimpigia Sudi pasi abakosti, koti lake la heshima, wakaenda.

Filamu haikuwa na ladha. Mzee yule alimweleza kila mtu huzuni yake: dereva, daktari, hata mpishi wa hoteli. Vijana wa viti vya nyuma wakachoka naye.

"Iko analia juu ya nini? Iko na otele, iko na motokari!"

"Papa, acha machozi, piga gita!"

Mwishowe alipiga, na wimbo mmoja ukatosha mji mzima kumsamehe. Kulthumu alicheka pamoja na vijana. Sudi hakucheka.

Walirudi kwa miguu.

"Unisamehe, Baba Aruna," alisema Kulthumu. "Filamu mubaya kabisa."

"Mubaya, ndiyo. Ule muzee hajue kunyamaza." Sudi alitembea kidogo. "Lakini bibi yake alikuwa pale mbele. Anaikala, anamuangalia. Hivi hata mi ningepiga."

Kulthumu alisimama.

"Hukuniambia."

"Ningesema nini, Mama Aruna? Bashemeji balisema maneno ya dini. Balisema vizuri. Mi nilikuwa ninapiga, ninaangalia kwa meza, ninaona bibi ya bengine."

"Jumamosi nitakuja."

"Utakuja. Na Jumamosi ingine, kule ku baa?"

Kulthumu aliwafikiria kaka zake. Sudi hakumngoja ajibu. Alimshika mkono kumvusha barabara, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

Chola aliambiwa hapana, akampata mpigaji mwingine, na bendi haikumwita Sudi tena. Tangu wiki ile alipiga gitaa nyumbani, alasiri, na Kulthumu aliacha kazi zake akaketi kumsikiliza.