Sahani ya Bilonda

Nabii Ngeleka alikuwa mtu mwema sana. Kila mtu pale Musonoi alisema hivyo, hasa yeye mwenyewe. Kabla Mungu hajamwita alikuwa akipiga pasi nguo za Wazungu huko Mutshatsha, na kweli kanzu zake nyeupe hazikuwa na kunyanzi hata moja. Alipoanza kukusanya uani kwake watu wa Kasai kama sisi, kwanza aliwakataza wanaume kunywa pombe kali ya lutuku. Nani angemwogopa mtu wa namna hiyo? Shemeji yangu Badibanga aliacha kulewa, akaacha kumpiga dada yangu Bilonda, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Baadaye nabii akatangaza kwamba kabla mvua hazijaisha, mto Lualaba utavunja ukuta wa bwawa la Nzilo, na wasiovaa nyeupe watakwenda na maji. Watu wake wakampelekea baiskeli na cherehani zao, maana mbinguni hakuna kushona. Mvua zikaisha. Ukuta ukabaki palepale, na umeme ukaendelea kuwaka kana kwamba haukupata habari. Ngeleka akaeleza kwamba ukuta ulikuwa umevunjika kiroho. Kama hatukuona, kasoro ilikuwa ya macho yetu. Mimi nilidhani watu wangerudi makwao wakicheka. Wao wakaomba msamaha kwa ajili ya macho yao, wakaongeza sadaka.

Bilonda alikuwa na mimba kubwa alipokuja kututembelea Jumapili moja, amefunga sahani yake mwenyewe kwenye kitambaa. Mama aliweka ugali wa bukari na mboga ya sombe katikati, kama siku zote. Bilonda akamega kipande, akakiweka kwenye sahani ile, akageuka upande kula. Kwetu mtoto hali kando na mama yake ila kama kuna ugomvi. Nilimwuliza kama anakwenda kupimwa kwa masista, kwenye maternité, wodi yao ya wazazi. Akajibu kwamba nabii ameshamwombea, na kwamba mkono wa daktari huacha laana tumboni.

"Na ukizidiwa?"

"Mwenye anazidiwa njo mwenye hana imani," akasema, macho chini.

Zamani dada huyohuyo alinicheka mimi kwa kukariri katekisimu bila kuielewa.

Kumshitaki Ngeleka hatukuweza. Wabelgiji waliotutawala walipogundua dini wasiyoipenda hawakuchagua nani wamchukue: wangemkamata nabii, na Badibanga, na Bilonda na tumbo lake, na kuwahamishia mahali ambapo hata barua hazifiki. Kwa hiyo nabii alilindwa na serikali ileile iliyokuwa ikiwawinda manabii, jambo ambalo hata yeye hakulitabiri.

Jirani yetu Nasoro, mfanyabiashara aliyekuwa na lori, alikuja na shauri fupi. "Mama Mianda, kamio yangu iko tayari. Tunamubeba muchana, banaume beko ku kazi. Atatutukana mu njia yote, lakini atafika ku maternité."

Mama alikasirika. Mke wa mtu habebwi kama gunia la makala. Kwake jambo lilikuwa wazi: sahani ile ilitokana na maneno makali aliyowahi kusema juu ya ukoo wa Badibanga, na ugomvi wa ukweni una dawa yake. Mkosaji hupeleka kuku mweupe, kuku hupikwa, wote hula chungu kimoja, kisha binti huja kukaa kwa mama yake kungojea kuzaa. Dini nzima ya Ngeleka, machoni pa mama, ilikuwa hasira ya mkwe iliyovaa kanzu.

"Sawa, mupeleke kuku," Nasoro alisema. "Lakini mwenye atamukula si Bilonda."

Bilonda na mumewe walikuwa wamehamia uani kwa nabii, na yeye ndiye aliyempokea kuku, kwa mikono miwili. Akatubariki, akasema amani imepatikana, ila kula na watu wa giza ni mwiko. Kwa hiyo tuliishia langoni. Mama alirudi akitabasamu. Kuku amepokelewa, basi ugomvi umekwisha. Akatandika kitanda, akafua vitambaa vya mtoto, akangoja, maana ukishatoa kuku humfuati tena mtu; ukimfuata unaonyesha kwamba hukuamini amani. Nabii hakuhitaji hata mlinzi. Desturi yetu ilimlindia lango bila mshahara.

Aliyekuja asubuhi moja ni Badibanga, na kanzu yake ina damu kwenye mikono.

"Mama, Bilonda amepumuzika. Mutoto eko." Kisha akaongeza, kama mtu aliyetumwa, kwamba nabii amekataza kulia.

Tulimkuta Bilonda kwenye mkeka uani, wanawake wa kanzu nyeupe wamemzunguka kimya. Kutoka pale unaliona paa la maternité. Ngeleka alitueleza kwa upole kwamba dada yangu alikuwa na shaka ya siri moyoni, na kwamba mtoto aliyepona ni ushahidi wa nguvu za maombi yake. Nguvu za mama wa mtoto hakuzitaja.

Mama akavua kitambaa cha kichwani, akaketi chini, akaanza maombolezo ya kwetu, akimwita Bilonda kwa majina ya babu zake. Maombolezo yale si ya mtu mmoja: mfiwa huita, wengine huitikia, na kumwacha aite peke yake hata adui hathubutu. Mara ya kwanza niliitikia mimi tu. Mama akaita tena. Mwanamke mmoja, Tshibola, akaitikia mkono ukiwa mdomoni. Akafuata mwingine.

"Munyamaze," Ngeleka alisema. "Munavunja maombi."

Hakuna aliyemgeukia. Badibanga, mtoto mikononi, alimtazama nabii, akamtazama mke wake. Akapiga magoti, akamlaza mtoto kwenye mapaja ya mama, akaitikia.

Mama hakumshukuru. Alimfunga mtoto kwenye kitambaa chake, akanipa.

"Kimbia naye ku masista," akasema, kisha akaendelea kuita.

Nikatoka langoni. Hakuna aliyenizuia, wote walikuwa wakiitikia.