Bomba la Kumtafutia Mama Mwezi

Mume wangu ni mtu wa kompyuta, na kama hujawahi kuishi na mtu wa kompyuta nikueleze kwa kifupi: yupo nyumbani kutwa nzima, na hayupo. Majirani wanamwita Mahesabu. Unamwekea chai, inapoa, unaipasha moto, inapoa tena, halafu anakushukuru kwa ile ya kwanza. Mimi nilishamzoea. Mama yake, aliyehamia kwetu macho yalipoanza kumsumbua, naye alishamzoea, ila yeye alikuwa na haki zaidi ya kulalamika kuliko mimi.

Macho ya mama mkwe yalikuwa yanakufa kutoka pembeni kuja katikati. Haoni giza, alituambia. Anaona ukungu umezunguka kitundu, na dunia yote imebaki ndani ya kitundu. Ukikaa naye mezani hakuoni wewe. Anaona kitufe cha shati lako, kisha sikio, kisha kijiko. "Siku hizi watu mnanijia vipande vipande," alisema akicheka, maana mama yule angeweza kutania hata msibani. Siku ya kliniki daktari wa macho alituvuta kando akasema kitundu chenyewe nacho kinaziba, tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Masikio ya mama yalikuwa mazima kabisa.

"Basi nataka niuone mwezi mpevu," alisema kutoka kwenye kiti chake.

Njiani nilimuuliza kwa nini mwezi, katika vitu vyote.

"Kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoenea kwenye kitundu changu kizima kizima," alinijibu. "Nyinyi wengine hamwenei."

Shida ilikuwa kuupata. Tulikwisha kujaribu mara moja, tukamsimamisha barabarani, kila mmoja anamwonyesha, "Ule pale, mama, juu ya lile paa!" Kwa mtu mwenye kitundu, "pale" ni neno la bure. Alilizungusha jicho mbinguni kama mtu anayetafuta hereni uwanjani kwa tochi ndogo, mpaka shingo ikamuuma na machozi yakamtoka. Kwa hiyo Mahesabu akasema ataandika programu. Itamwambia mwezi upo upande gani na umeinuka kiasi gani, dakika kwa dakika, na yeye atafunga bomba la kuchungulia lielekee hapo hapo. Mama atatia jicho, na mwezi utakuja wenyewe kupita ndani.

Wiki zile nyumba yetu ilikuwa kama imeachia kamba na kuelea. Mama alihamishia kiti chake kando ya meza ya mwanawe, akawa anasikiliza vidole vikigonga. Mahesabu, ambaye mimi huniambia mambo kwa maneno matatu, alimsimulia mama yake jinsi jua linavyouvuta mwezi pembeni, jinsi mwezi usivyokubali kufuata njia moja, jinsi ilivyobidi aongeze mstari baada ya mstari kwenye programu ili kuufuatilia ukorofi wake. Mama akaitikia kama anapewa habari za shangazi mtoro.

"Na sasa hivi uko wapi?" alimuuliza mchana mmoja, jua likiwaka.

Mahesabu akabonyeza. "Uko chini ya sakafu, mama. Karibu na miguu yako."

Mama akainua miguu polepole, akaiweka juu ya kigoda ili mwezi upite.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Uko wapi? Uko nyuma ya kabati. Uko mlangoni, unaingia. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilijikuta nafagia kwa uangalifu upande wa kabati. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu, na vyote viwili vilinifanya nitembee kwa kunyata.

Bomba lenyewe lilikuwa lile la karatasi ngumu ambalo wauza vitambaa huviringishia majora. Mahesabu alilifunga kwenye stendi ya kamera, akaipandisha stendi juu ya paa la jengo letu, paa la bapa ambako wapangaji wote tunaanika nguo. Upande mmoja kuna kibanda cha mlango wa ngazi, upande wa pili tangi la maji juu ya mnara mfupi wa vyuma. Alipima uelekeo kwa dira ya simu, akapima tena, akakaza skrubu. Kiti cha mama akakiweka chini ya ukuta wa kibanda, bomba likitazama juu kuelekea kwenye tangi. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Jioni yenyewe mbingu ilikuwa safi. Wapangaji walianua nguo zao mapema, tukazima taa ya ngazi. Nikampandisha mama, ngazi kwa ngazi, amevaa gauni lake zuri. Akakaa. Akatia jicho.

"Bado kidogo," Mahesabu alisema, simu mkononi. "Bado. Sasa!"

Mama alilibana jicho kwenye bomba.

"Naona nyota moja," alisema mama. "Ndogo."

"Ngoja, mama. Utaingia."

Tukangoja. Nilisikia pumzi ya mume wangu ikibadilika. Aliangalia simu, akaangalia bomba, akaangalia simu. Halafu, kwa kuwa hakuweza tena kusimama tu, alikimbilia ngazi ya tangi na kupanda, apate kuona mwezi umekwama wapi. Alifika juu, akageuka kututazama, na nuru ikamwagika usoni mwake.

Mwezi ulikuwa nyuma yetu. Ulikuwa umepanda nyuma ya kibanda, mkubwa, mtulivu, saa ile ile aliyoisema, kimo kile kile alichokisema, upande wa pili kabisa wa mbingu. Mahesabu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kusini!" alipiga kelele. "Ile sehemu ya programu niliyoichukua kwa wenzangu, wao wanaanza kuhesabu uelekeo kutoka kusini. Mimi nimeanzia kaskazini. Mama, nimekukalisha ukiupa mwezi mgongo!"

Ndiyo kusema wiki zote zile mwezi ulipita upande wa pili wa chumba, dirishani, nami nikahangaika na kabati.

"Ngoja nishuke, mama! Nikugeuze, bado tunawahi!"

"Usishuke!"

Sijapata kumsikia mama mkwe akipaza sauti namna ile. Hakuwa ameondoa jicho kwenye bomba. Mikono yake miwili ilikuwa imelishika.

"Ukishuka nitakupoteza," alisema. "Kaa hapo hapo."

Ndipo nikaelewa. Akiwa karibu, mwanawe alikuwa sikio, alikuwa kitufe. Kule juu, mbele ya mdomo wa bomba, kwa umbali ule, na nuru ile, alikuwa ameenea mzima mzima.

"Lakini mama, mwezi..."

"Si unauona wewe? Nisimulie."

Basi akasimama juu ya vile vyuma, mikono imening'inia, akautazama mwezi juu ya vichwa vyetu na kumsimulia mama yake. Hakutaja namba hata moja. Alisema ni wa manjano chini na mweupe juu. Alisema una doa kama sahani iliyooshwa kwa haraka, na hapo mama akasema, "Kama unavyoosha wewe," na tukacheka wote watatu. Alisema hajawahi kuutazama muda mrefu namna hii maishani mwake, na sauti ikamkatika.

"Una mvi," mama alisema taratibu. "Hakuna aliyeniambia kama una mvi."

Mimi nilikaa chini sakafuni, nikaegemea mguu wa mama, nikalia bila aibu.

Sijui alisimama muda gani. Hakusogea. Mama alimtazama paji la uso, akamtazama mdomo, akarudi kwenye macho, bila haraka yoyote. Halafu wingu jembamba likapita mbele ya mwezi, na uso wa mume wangu ukafifia mpaka ukapotea.

Mama aliondoa jicho kwenye bomba, akayafumba yote mawili.

"Sasa shuka, mwanangu," alisema. "Shuka polepole. Nimeshakupata."