Kifuniko cha Lenzi

Ndolo alinibebea mtungi kwa mara ya kwanza mwezi ule malori ya mchanga yalipoanza kuingia mtoni kwetu. Aliutoa mgongoni kwangu bila kuombwa, akaupandisha mpaka mlangoni, akakataa hata chai. "Susu, wewe ni kama nyanya yangu," alisema. Nilimbariki. Sikujua bado kwamba yeye ndiye aliyesimamia malori.

Mto wetu hapa Matinyani hauna maji ya kuonekana. Maji yamelala chini ya mchanga, nasi huyafukua kwa kata. Mchanga ukichukuliwa, maji nayo yanakwenda. Kaloki, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maji, alisimama barazani akayasema hayo. Wiki iliyofuata mizinga yake yote ya nyuki ilichomwa moto. Tangu hapo Kaloki akiulizwa habari za mto, anaangalia viatu vyake.

Wakili mmoja wa mjini Kitui alikubali kutusaidia bure, Mungu amkumbuke. Alitaka kitu kimoja tu: picha za malori, namba zikisomeka.

Ndiyo maana Wavinya alikuja nyumbani. Ni mtoto wa binti yangu marehemu, na kazi yake ni kupiga picha za harusi. Alipanga lenzi zake kitandani kwangu kama mtu anayepanga vifaranga.

"Susu, usiguse kioo. Shika pembeni."

"Hii nene kama mchi ni ya nini?"

"Ya kuona mbali. Hii fupi ni ya watu wengi, kama kwaya. Hii ya katikati ni ya sura ya mtu mmoja."

"Na hiyo iliyojitenga?"

"Hiyo inafanya kazi za zote tatu. Inavuta mbali, inarudi karibu. Khalid wa duka la kamera ameniazima niijaribu. Nikiipenda, nimpe hizi tatu aniachie hiyo."

"Sasa unafikiria nini? Mimi ningekuwa na sufuria moja inayopika muthokoi wa mahindi na maharagwe, chai na chapati, ningegawa nyingine zote."

Alicheka. "Na chapati zingenuka maharagwe, Susu. Hii moja haipendi giza. Jua likishuka, namba ya lori inakuwa kama uji. Ile nene itasoma mpaka kutu."

"Basi kwa nini hubebi hiyo nene?"

Akaacha kucheka. "Mtu mwenye lenzi moja ndogo anaonekana ametoka harusini. Mwenye lenzi kama mchi anaulizwa ametumwa na nani."

"Basi beba ndogo," nikamwambia. "Heri picha ya uji na wewe mzima."

Alikubali. Jioni tulipanda mwambani juu ya mto, mimi nikijifanya naokota kuni. Malori yalikuja jua likizama, taa zimezimwa. Wavinya alipiga, akatazama, akatikisa kichwa. Namba hazikusomeka. Hapo akaingiza mkono ndani ya kiondo changu, chini ya leso, akaitoa ile nene. Alikuwa ameificha humo.

"Wavinya!"

"Dakika moja tu, Susu."

Aliupa upepo mgongo ili vumbi lisiingie, akabadilisha lenzi. Akapiga. Safari hii kila kitu kilionekana: namba, mabeleshi, wapakiaji. Katika picha ya mwisho alikuwepo Ndolo, amesimama kando ya lori, uso umeinuliwa moja kwa moja kuelekea kwetu.

Asubuhi Ndolo alikuja kwangu na mtungi uliojaa. Aliuweka kivulini, akaupangusa. Kisha akatoa mfukoni kitambaa safi, akakikunjua taratibu. Ndani mlikuwa na kifuniko cheusi cha lenzi.

"Kilikuwa mwambani," alisema. "Mwambie mjukuu wako asiache kioo wazi. Vumbi la huku ni baya."

Nikakipokea.

"Yupo?"

"Amelala."

"Mwache apumzike. Siku nyingine anipige akiwa karibu, Susu. Ile ya mbali hainipendezi." Akanitazama. "Mbona unatetemeka? Keti, keti." Akaniletea kigoda, akanishika kiwiko mpaka nikakaa. Mikono yake ni mipole sana.

Alipoondoka, Wavinya alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia yote.

"Susu, nizifute?"

Nilimimina kikombe cha maji aliyotuletea. Yalikuwa na rangi ya chai, na matope yalikuwa yakishuka chini. Kabla ya malori, mashimo yetu hayakuwahi kutoa maji ya namna hiyo.

"Usifute," nikasema. "Lakini wewe hutazipeleka kwa wakili. Wewe ndiye wanayemngoja barabarani. Mimi hakuna anayenitazama."

Tukaweka lenzi zote tatu kwenye kiondo, na kadi ya picha katikati, tukafunika kwa mbaazi. Wakija kupekua nyumba wasikute ile nene wala picha. Lenzi ningemwachia Khalid huko mjini, nimwambie mjukuu wangu amechagua ile moja. Wavinya aliifunga kwenye kamera, akakaa mlangoni akipiga picha kuku, ili anayepita aone mpiga picha wa harusi na lenzi yake ndogo. Alinipungia mkono kama ninakwenda sokoni.

Kwenye stendi ya pikipiki nilimkuta Ndolo. Aliinuka upesi kunisaidia kupanda, akakichukua kiondo nisije nikaanguka. Alikishika kwa mkono mmoja. Akaongeza wa pili. Akakipimapima.

"Mbaazi za mwaka huu ni nzito, Susu."

"Mvua ilikuwa nzuri," nikasema.

Mvua haikuwa nzuri, na sote wawili tulijua. Akakiweka mapajani mwangu, akanivutia leso vizuri begani nisipigwe na upepo.

"Nenda salama. Usiwe na wasiwasi wa nyumbani. Nitamwangalia Wavinya."

Sikuwahi kumtajia jina la mjukuu wangu.

Pikipiki iliondoka. Nilipoweza kugeuza shingo, alikuwa tayari njiani, akitembea bila haraka kuelekea kwangu, na mtungi mtupu mkononi.